Ukurasa wa Saba

Nukta aligundua wizi ule Jumanne asubuhi, dakika chache kabla ya somo la ujalidi, ufundi wa kushona vitabu na kuvitia majalada, kuanza. Alikuwa amefungua kabati lake, akatoa kitabu chake cha sampuli na kuanza kukipekua taratibu, kwa raha ya mtu anayetazama kazi ya mikono yake mwenyewe. Ukurasa wa tano ulikuwapo. Wa sita ulikuwapo. Baada ya wa sita ukaja wa nane.

Akarudi nyuma, akahesabu upya kwa kidole. Kisha akakiinua kitabu hadi usawa wa macho na kukifungua pale palipopungua, ndipo alipoona. Ukurasa haukuchanwa. Ulikatwa, tena kwa mstari ulionyooka, ukaachwa ukingo mwembamba wa upana wa kidole karibu na mshono.

Ukingo ule ndio uliomwingiza baridi. Mtu asiyejua vitabu angekata hadi kwenye mshono, na kwa kuwa kila karatasi hukunjwa kati ikazaa kurasa mbili, ukurasa mwenzake wa upande wa pili ungelegea na kudondoka. Mwalimu wao aliwaeleza hilo mwezi uliopita: ukilazimika kutoa ukurasa, acha kisiki kishikwe na uzi. Aliyekata huu alijua habari ya kisiki.

Nukta alikifunga kitabu, akakirudisha kabatini. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na jina hilo alipewa na wenzake shule ya msingi kwa sababu alikuwa akimaliza kila sentensi kwa nukta kubwa ya kalamu hadi daftari linatoboka. Sasa alikuwa mwaka wa pili katika chuo cha sanaa za mikono, jengo la ghorofa moja lililowahi kuwa ghala la nafaka. Chini kulikuwa na vitanda vya kufumia na masufuria ya rangi. Juu kulikuwa na meza za kujalidi, harufu ya gundi, na mashine nzito ya kubana vitabu ambayo wanafunzi waliiita Bibi Harusi kwa sababu ilipambwa kwa vitambaa ili isichafue majalada. Wanafunzi walikuwa kumi na wawili. Kazi yao ya mwaka ilikuwa moja: kila mmoja atengeneze kitabu kwa mkono wake, karatasi azitengeneze mwenyewe kwa vitambaa chakavu vilivyopondwa, ndani ashone sampuli za nguo alizofuma na kuzitia rangi, kisha akijalidi. Mwisho wa mwaka vitabu vingewekwa mezani, watu waje kuvitazama.

Ukurasa wa saba ndio uliokuwa roho ya kitabu chake. Kilikuwa kipande cha kitambaa cha rangi ya maziwa, na juu yake ngazi za rangi ya kutu zikipanda kutoka kushoto kwenda kulia. Katika kila ngazi ya tano, kidato kimoja kilikuwa kifupi kuliko wenzake, kama mtu aliyejikwaa akajizuia asianguke. Hakujua kimetoka wapi. Siku ile alikaa kwenye kitanda cha kufumia bila mchoro wowote, mikono ikaenda yenyewe, na alipoinuka mgongo ulimuuma na kazi ilikuwa imekwisha. Hakuwahi kutengeneza kitu kizuri kama kile, na hakuwa na hakika angeweza tena.

Somo likaanza. Nukta alishika sindano na uzi wake uliopakwa nta, akashona kurasa za mazoezi, lakini macho yake yalikuwa yanazunguka meza. Nani kati ya hawa?

Hakuwa na haja ya kuzunguka mbali. Pembeni yake alikaa kijana waliyemwita Kasuku, mtu wa maneno mengi na mzaha usiokwisha, aliyeshirikiana naye kabati. Wote wawili walikuwa na ufunguo. Na Kasuku, sasa alivyofikiri vizuri, alikuwa na tabia moja ya ajabu: alikuwa akimuuliza habari za rangi kila siku ya Mungu.

"Nukta, huu uzi wewe unauitaje?"

"Kutu."

"Na huu?"

"Huo majani makavu. Si unauona?"

"Nauona, ila wewe una majina matamu. Mimi ningeuita uzi tu."

Nukta alikuwa akicheka na kumjibu. Sasa kila swali alilikumbuka na kulipima upya. Mtu anauliza rangi za mwenzake kutwa kucha kwa nini, kama hana mpango nazo?

Halafu alikuwapo Mjalidi, mwalimu wao. Mzee wa makamo, mpole wa sauti, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi ule ule wa kushonea vitabu. Wiki tatu nyuma alipopita kukagua kazi, alifika ukurasa wa saba akasimama. Akavaa miwani. Akaugusa ule mfumo wa nyuzi kwa ncha ya kidole.

"Huu umeutoa wapi, binti?"

"Kichwani, Mwalimu."

"Kichwani," Mjalidi alirudia, kama mtu aliyeonja mchuzi akawa na shaka na chumvi yake. Akaenda kwa mwingine, lakini mara mbili aligeuka kumtazama.

Tangu Jumanne ile, Nukta akaanza kukaa chonjo. Kila alipofunga kabati alifunga uzi mwembamba kwenye kitasa, fundo la aina yake, ili ajue kama limeguswa. Kitabu akawa anatembea nacho ndani ya mkoba hadi msalani. Jumatano asubuhi alikuta fundo limefunguliwa, kumbe Kasuku alikuwa ametoa koti lake.

"Kuna buibui kabatini kwetu," Kasuku alisema, akimwonyesha ule uzi. "Buibui msomi. Anajua fundo la kujalidi."

Nukta hakucheka. Kasuku akamtazama kidogo, akaacha.

Siku hiyo hiyo, saa sita, Nukta alipanda juu kuchukua rula aliyoisahau. Mlango wa ofisi ya Mjalidi ulikuwa wazi kidogo na mwenyewe alikuwa anaongea na simu, mgongo umeelekea mlangoni.

"Ni ule ule, nakwambia. Hadi kile kidato kifupi," alikuwa akisema. "Hapana. Binti mwenyewe sijamwambia kitu. Nitumie kwanza, nione kwa macho yangu."

Nukta alishuka ngazi bila rula. Kwa hiyo walikuwa wengi. Mmoja amekata, mwingine anauza habari, na wa tatu yuko upande wa pili wa simu anasubiri. Au Mjalidi ndiye bosi na Kasuku ni mkono wake tu. Alitunga habari nzima kichwani, na kadiri alivyoitunga ndivyo ilivyozidi kukaa vizuri, hadi akashangaa vipi hakuiona mapema.

Nyumbani hakusema kitu. Mama yake alikuwa fundi cherehani aliyeshona sare za shule katika chumba cha mbele, na jioni hiyo alimkuta ameinamia pindo la sketi, pini mdomoni.

"Mbona umenuna?" Mama aliuliza pembeni ya pini.

"Nimechoka tu, Mama."

"Kazi ya kitabu inaendeleaje?"

"Inaendelea."

Mama aliondoa pini moja mdomoni, akaichomeka kwenye nguo, hakuuliza tena. Walikuwa wawili tu ndani ya nyumba ile tangu Nukta apate akili. Baba alikufa Nukta angali mdogo sana, na upande wa baba, Mama alisema siku zote, hakukuwa na mtu aliyebaki.

Alhamisi mambo yakaharibika. Walikuwa chini, kwenye chumba cha rangi, kila mtu na sufuria lake. Kasuku alikuja na nyuzi zake mkononi, zinachuruzika maji.

"Nukta, ile ya ukurasa wa saba," alisema, "ile misumari ya kutoa rangi ya kutu uliiloweka kwenye siki siku ngapi?"

Nukta aliweka chini kijiti alichokuwa akikorogea. "Kwa nini ya ukurasa wa saba?"

"Si ndiyo nzuri kuliko zote?"

"Ukurasa wa saba haupo, Kasuku. Na wewe unajua haupo."

Kasuku alitabasamu akingoja mzaha uishe. Alipoona hauishi, tabasamu likamfia. "Haupo umeenda wapi?"

"Fungua mkoba wako."

Kasuku aliuvuta mkoba wake karibu na mbavu. "Humu hamna kitu chako, dada."

"Kama hamna, unaogopa nini?"

"Siogopi. Ila sitaki kuufungua."

Hilo ndilo Nukta alilokuwa akilingoja. Aliunyakua mkoba, Kasuku akaung'ang'ania, mshono wa kamba ukaachia na vitu vyote vikamwagika sakafuni: kitambulisho, kipande cha sabuni, na vibunda vya uzi zaidi ya ishirini. Kila kibunda kilikuwa kimefungwa kipande cha karatasi chenye maandishi ya kalamu. Nukta aliinama akaokota kimoja. *Kutu. Nukta kasema.* Akaokota kingine. *Majani makavu. Nukta kasema.* Cha tatu kiliandikwa: *Nyekundu? Uliza tena.*

Ukurasa haukuwapo.

Msichana mmoja wa meza ya nyuma aliokota vibunda viwili, chekundu na cha kijani, akavishika mbele ya uso wa Kasuku. Hakuwa na ubaya, alitaka kuelewa tu. "Hivi viwili unavionaje?"

Kasuku alivitazama muda mrefu. "Naviona sawa," alisema. "Kwangu mimi ni kimoja."

Kasuku alipiga magoti akaanza kukusanya vibunda vyake kimoja kimoja, akivipangusa vumbi. Mwaka mzima na nusu alikuwa amekaa kwenye chuo cha nguo na rangi bila mtu kujua, akiishi kwa majina aliyopewa na jirani yake wa meza. Nukta alichuchumaa amsaidie.

"Acha," Kasuku alisema taratibu. "Vitachanganyika."

Alipomaliza aliukumbatia mkoba uliokatika kamba, akatoka. Kwa mtu aliyeitwa Kasuku, kimya kile kilisikika hadi ghorofani.

Aibu ilimshika Nukta, ila haikumlegeza. Ilimkaza. Kama mwizi si Kasuku, basi lazima apatikane, tena haraka, ili yale aliyoyafanya yawe na maana. Ijumaa Kasuku hakuja darasani. Jumamosi na Jumapili Nukta alishinda chumbani kwake, akimjibu Mama kwa neno moja moja. Jumatatu alipofika chuoni alimwona Mjalidi langoni akipokea kifurushi kutoka kwa mtu wa pikipiki. Kifurushi laini, kimefungwa kwa karatasi ya kaki na kamba. Mjalidi alikipima mkononi, akatazama huku na huku, akapanda nacho juu.

Saa nne Mjalidi alishuka kurekebisha ubao wa kitanda kimoja cha kufumia. Nukta aliomba ruhusa ya kwenda msalani, akapanda ngazi moja kwa moja hadi ofisini. Mlango haukufungwa kwa ufunguo. Kifurushi kilikuwa juu ya meza, kimeshafunguliwa na kufungwa tena kwa kulegea. Akapiga moyo konde, akavuta kamba.

Hakikuwa kipande kilichokatwa kitabuni mwake. Lilikuwa blanketi dogo, la kumtosha mtoto mchanga au mtoto wa miaka mitatu, limefuliwa mara nyingi hadi limekuwa laini kama sikio la sungura. Rangi ya maziwa imegeuka chai. Juu yake zilipanda ngazi za rangi ya kutu, kushoto kwenda kulia. Nukta akahesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Ya tano ilikuwa na kidato kifupi.

Alilishika kwa mikono miwili na hakuelewa alichokuwa anakiona. Blanketi lilikuwa la zamani kuliko chuo, zamani kuliko kitabu, pengine zamani kama yeye.

"Unatafuta nini, binti?"

Mjalidi alikuwa mlangoni. Nukta hakujaribu hata kulirudisha blanketi kwenye karatasi.

"Ukurasa wangu, Mwalimu. Umekatwa. Nilidhani ni wewe."

Mjalidi aliingia, akaufunga mlango, akaketi. "Basi tuko sawa," alisema. "Maana mimi nilidhani ni wewe."

"Mimi nimefanya nini?"

"Umeiba mchoro. Ndivyo nilivyofikiri. Kuna fundi mmoja wa kufuma, yuko mji wa pili, saa mbili kwa basi. Miaka kumi sasa ananifumia vitambaa vya majalada. Siku moja nilikwenda kwake nikaliona blanketi hili ukutani, nikataka kulinunua, akakataa. Akasema mfumo huu aliufuma mara moja tu na hataurudia. Halafu nakuja hapa, nauona kwenye kitabu cha mwanafunzi wangu, hadi lile kosa lake. Nakuuliza, unanijibu kichwani." Alivua miwani. "Wiki zote hizi nilikuwa nakuchunguza wewe."

"Sijawahi kufika kwa mtu huyo. Wala simjui."

"Nilimwuliza kwa simu kama amewahi kumfundisha mtu. Akasema hapana. Nikamwuliza alimfumia nani." Mjalidi alimtazama usoni kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama. "Akasema alimfumia mtoto wa kaka yake. Mtoto huyo alilala nalo tangu anazaliwa hadi ana miaka minne, kisha akachukuliwa na mama yake, na hajamwona tena."

Nukta alisikia maneno yale, yakapita, yakarudi. Aliketi kwenye kiti bila kukaribishwa.

"Lete hicho kitabu," Mjalidi alisema.

Nukta akakitoa mkobani; Mjalidi akakipokea, akakifungua kwenye kisiki, akakisogeza dirishani. Alikitazama kwa miwani, kisha kwa kioo cha kukuzia. "Mkato mzuri. Lakini si wa kisu. Kisu kinapita mara moja. Tazama hapa, na hapa. Umeona jinsi mstari unavyopumua? Ni mahali mkasi ulipofunguka upya. Mkasi mrefu, wa kukatia nguo, kwenye mkono uliozoea kwenda moja kwa moja bila rula."

Nukta hakuhitaji kioo. Alikumbuka kitabu kilikuwa nyumbani wikiendi nzima kabla ya ile Jumanne. Alikumbuka jioni moja mwezi uliopita, yeye na Mama mezani, akimwonyesha kwa majigambo jinsi ya kutoa ukurasa na kuacha kisiki, na Mama akishikilia karatasi kwa vidole vyake vyenye sugu ya sindano, akisema, "Kumbe ni kama kuacha akiba ya mshono." Alikuwa amemshuku kila mtu mwenye mikono mjini isipokuwa mmoja.

Alifika nyumbani saa nane mchana. Cherehani ilikuwa inakimbia. Alisimama mlangoni hadi Mama alipoondoa mguu kwenye pedali.

"Mama, ukurasa wangu uko wapi?"

Mama hakuuliza ukurasa gani. Aliinuka, akafungua droo ya vifungo, akauinua mfuko wa zipu, na chini kabisa akatoa ukurasa wa saba, umefungwa ndani ya kitambaa cha bitana, haujakunjika hata pembe. Akauweka mezani kati yao.

"Nilitaka kuuchoma," alisema. "Nikashindwa. Ni mzuri mno."

"Nimemvunjia mtu heshima mbele ya darasa zima kwa ajili ya huu."

"Sikujua."

"Na baba ana dada."

Mama alikaa tena kwenye kiti cha cherehani, lakini ameupa mgongo ule mtambo, mikono mapajani.

"Baba yako alipokufa nilikuwa naumwa kifua," alianza. "Wakanilaza hospitali. Walisema wiki mbili, ikawa miezi kumi na minne. Wewe nilikuacha kwa wifi. Sina neno baya juu ya hilo, alikulea vizuri, ulinenepa. Nilipotoka nilinunua gauni, nikasuka nywele, nikaenda kukuchukua. Ulikuwa na miaka minne. Ukanitazama, ukajificha nyuma ya sketi yake. Ukamwita yeye mama. Mimi ukaniamkia, shikamoo shangazi."

Nukta alivuta kigoda akaketi.

"Na wifi akacheka," Mama alisema. "Labda alicheka kwa aibu. Labda alicheka kwa sababu alikuwa ameshanishinda. Miaka kumi na tisa najiuliza alicheka kicheko gani. Siku ya tatu nilikubeba ukiwa umelala, nikapanda basi, sikuacha anwani. Lile blanketi nililiacha makusudi, usiwe na kitu cha kumkumbukia. Halafu juzi unafungua kitabu mezani hapa, unaniambia, Mama, tazama nilichobuni." Alipangusa uso kwa nguo aliyokuwa akiishona, sare ya mtoto wa watu. "Nikajua akiuona tu, atakuja. Watu wa kufuma wote wanajuana."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Kwamba mikono yako inamkumbuka yeye?"

Nukta alikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikujua isimame wapi, maana kila alipoisimamisha ilikuta mtu mwenye huzuni. Alikwenda jikoni akanywa maji glasi mbili mfululizo. Aliporudi, Mama alikuwa ameshaanza kushona tena, pindo limempinda, jambo ambalo Nukta hakuwahi kuliona.

Jumamosi alisafiri. Alimwambia Mama waziwazi anakokwenda, na Mama akamwuliza tu atarudi saa ngapi, mara tatu.

Nyumba ya shangazi ilikuwa ya vyumba viwili, kimoja kimemezwa chote na kitanda cha kufumia. Mwanamke mrefu alimfungulia mlango, akasimama kizingitini bila kumkaribisha. Mjalidi alikuwa amempigia simu, kwa hiyo alijua ni nani. Hata hivyo hakumrukia wala kumkumbatia. Alimtazama kama mtu aliyeletewa kitu ambacho tayari alishakubali kwamba kimepotea, sasa anatafuta alama.

"Shikamoo, shangazi," Nukta alisema, na neno lile la mwisho likawa zito mdomoni kuliko alivyotarajia.

"Marahaba. Mama yako anajua uko hapa?"

"Anajua."

"Amekutuma?"

"Hapana. Hakunituma, wala hakunizuia."

Shangazi alilipima hilo. Kisha akapisha mlango. Walikaa pande mbili za kitanda cha kufumia, nyuzi za mtande zimenyooka katikati yao kama wavu wa dirisha. Nukta akatoa ukurasa wa saba. Shangazi aliushika, akaugeuza upande wa nyuma kwanza, kama wafanyavyo mafundi, akaangalia vifundo.

"Kidato kifupi ulikiweka kwa nini?"

"Sijui. Kilikuja tu."

"Kwangu ni kosa," Shangazi alisema. "Nilihesabu vibaya nilipofika ngazi ya tano, nikaona uvivu kufumua, nikalirudia kosa kila ngazi ya tano lionekane nimekusudia. Ulikuwa unakipitisha kidole hapo hadi unasinzia. Kila siku, hapo hapo."

Aliongea bila kuinua macho kwenye kitambaa. Nukta alimweleza aliyoyasikia kwa Mama, hadi habari ya kicheko. Shangazi aliinua kichwa.

"Nilicheka?" aliuliza. "Sikumbuki kucheka. Nakumbuka nililia kutwa nzima." Akafikiri. "Inawezekana nilicheka. Mimi nikishikwa na haya hucheka. Kaka alikuwa akinigombeza kwa hilo."

Nukta alimtazama sana aone kama anasema kweli. Hakuona lolote la kumhakikishia, wala la kumkanusha. Alikunywa chai aliyopewa, akaaga saa tisa ili awahi basi.

Jumatatu alisimama mbele ya darasa kabla ya somo, akasema kwamba alimshuku mwenzake bure na kumwaibisha, na kwamba anaomba radhi. Kasuku, aliyekuwa amerudi, aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameshakwenda mwenyewe kwa Mjalidi na kumweleza habari ya macho yake, na Mjalidi akamwambia afume kwa nyuzi zisizotiwa rangi, nene na nyembamba, zilizosokotwa na zilizolegea, ili kitabu chake kisomwe kwa vidole. Kilikuja kuwa kitabu ambacho watu walikishika kuliko vyote. Ila alihamia meza nyingine. Akikutana na Nukta alimsalimia vizuri, kwa adabu, kama mtu anayemsalimia karani wa posta. Nukta alingoja mzaha miezi miwili. Haukuja.

Ukurasa wa saba aliurudisha kitabuni, akaugundisha kwenye kisiki, na chini ya sampuli akaandika kwamba mfumo ule ni wa shangazi yake. Mjalidi aliusoma, akafunga kitabu, akakiweka chini ya Bibi Harusi akakibana mwenyewe.

Siku ya maonyesho shangazi alikuja mapema, amevaa gauni la kufumwa. Mama alikuja amechelewa, ameshika mkoba kifuani kwa mikono miwili. Walionana kutoka pande mbili za chumba. Nukta alikuwa kati, akiwaeleza wageni habari za maganda ya vitunguu na rangi ya njano, na alisikia sauti yake mwenyewe ikipotea.

Shangazi ndiye aliyekwenda.

"Umekonda, wifi."

"Umri tu," Mama alijibu.

Walisimama. Shangazi akatazama pindo la gauni la Mama, akainama kidogo, akaligusa. "Hili umeshona kwa mkono?"

"Kwa mkono."

"Halionekani hata uzi."

"Ndivyo linavyotakiwa," Mama alisema. Lakini mkoba ulishuka kidogo kutoka kifuani.

Waliketi kwenye benchi moja, wameacha nafasi ya mtu wa tatu katikati. Kila Nukta alipopita, Mama alimfuata kwa macho hadi amrudie upande wake. Mjalidi alipokuja kuwasalimia, akasema jambo fulani la kumtania Shangazi kuhusu bei za vitambaa vyake, Shangazi akacheka, kicheko chembamba, cha ghafla, huku akifunika mdomo. Mama aligeuka akamtazama kwa makini. Alimtazama hadi kicheko kikaisha, na baada ya hapo akaendelea kumtazama.

Wakirudi nyumbani, Mama hakusema lolote hadi kona ya mwisho.

"Amenialika," alisema hapo. "Amesema mwezi ujao."

"Utakwenda?"

"Tutakwenda wote. Asubuhi tunaenda, jioni tunarudi. Kulala hapana." Alitembea hatua chache. "Na chakula nitapika mimi, nibebe kutoka hapa."

"Sawa, Mama," Nukta alisema, akamshika mkono wakavuka barabara.